Barua kwa Zuhura: Mzee na swali lake la umeme

Morogoro, Jumapili usiku

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto hawajambo, Mama Chausiku anakusalimu na anauliza vitenge vyake. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili nikashindwa kujibu, unisamehe. Nilikuwa na habari moja tu, ya macho ya Mzee, na hiyo sikutaka kuitoa kwa simu.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto watalifanyia upasuaji mwezi ujao, Dodoma. Wiki iliyopita nilimpeleka kupimwa, tukapanda treni ya umeme, na hapo ndipo ilipoanza habari inayonifanya nikuandikie usiku huu.

Unamjua Mzee. Aliingia reli mwaka 1968 pale Tabora, kijana wa kuchochea moto kwenye injini ya mvuke, baadaye akaenda kwenye dizeli mpaka akastaafu. Treni za umeme zilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, mtaa mzima ulikwenda kuzishangaa, yeye akabaki barazani. Neno lake lilikuwa moja: "Umeme ukikatika je?" Nilimweleza kwamba reli ina njia yake ya umeme mkubwa kutoka Kinyerezi, hautoki kwenye nguzo hii ya kwetu. Akanitazama tu. Kesho yake akauliza tena.

Basi tulipofika stesheni akaomba nimsogeze karibu na kichwa cha treni. Akasimama, akatega sikio. "Mbona hakipumui?" Nikacheka, halafu nikaona hatanii. Kichwa alichokizoea yeye kilikuwa kinahema hata kikiwa kimesimama.

Njiani alinitaka nimtajie kila stesheni. Mkata. Kilosa. Tulipokaribia Kidete akanishika mkono. Si unakumbuka habari za Kidete na Gulwe, Mkondoa ikifurika na reli kuning'inia hewani? Miaka nenda rudi walilala humo wakisubiri maji yapungue. Zamani unatoka Dar jioni, Dodoma unaamkia. Safari hii chai yake haijapoa vizuri tukawa tunateremka, akaniuliza kama nina hakika ni Dodoma.

Tangu tumerudi hataki habari nyingine. Kila jioni namsomea, maana herufi hazioni tena. Nilimsomea juu ya Werner von Siemens, yule Mjerumani aliyeonyesha treni ndogo ya umeme Berlin mwaka 1879, reli ya mita 300 ya kuzunguka, watu wakipanda viti vya kuegemeana migongo. Mwendo wake ni kama baiskeli ya taratibu. Hiyo ilimpendeza. Lakini iliyomkaa moyoni ni ya Robert Davidson wa Aberdeen, huko Scotland. Huyu alitengeneza kichwa cha betri, mwaka 1842 kikajaribiwa kwenye reli ya Edinburgh na Glasgow, polepole kama mtu anatembea. Inasemekana wafanyakazi wa injini za mvuke walikivunja kwa kuhofia kazi zao. Nilidhani Mzee atawalaumu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Walikuwa na watoto wa kulisha." Zuhura, sijawahi kumfikiria hivyo, yeye na wenzake wa mvuke, dizeli ilipowafikia.

Halafu akarudi pale pale: umeme ukikatika je?

Jibu kamili sikulipata, ila la kumtuliza nililipata Uswisi. Wale watu hawakuwa na makaa ya mawe, waliyanunua nje, na Vita ya Kwanza ikawafundisha adabu. Maji ya milimani ya kuzalisha umeme walikuwa nayo tele. Wakaweka umeme kwenye njia ya Gotthard, ile ya kupita milimani, na kichwa chao maarufu cha miaka ile kiliitwa Mamba, kwa sababu ya pua zake ndefu mbele na nyuma. Nikamwambia: Mzee, kile kikiteremka mlima, mota zake zinageuka kuwa jenereta, umeme unarudi kwenye waya na kumsaidia anayepanda. Hapo aliketi wima. Maisha yake yote ameteremka milima akiunguza breki, moto wote ule ukipotea bure! Akanirudisha nisome tena. Nikasoma mara tatu. Sasa anawasimulia wazee wa msikitini kama kwamba yeye ndiye aliyemwendesha huyo Mamba.

Ndiyo nafika kwenye haja yangu. Nikamwambia kwamba Afrika umeme wa reli haukuanza na sisi. Natal, Afrika Kusini, walikuwa nao miaka ya 1920. Akakubali. Nikamwambia na huko kwenu Katanga, Kongo, toka miaka ya 1950, kati ya Likasi na Tenke, wakati Likasi ikiitwa Jadotville. Tena walitumia umeme wa aina ile ile unaoingia majumbani, jambo ambalo Wafaransa ndio kwanza walikuwa wanalijaribu kwao. Migodi ya shaba ilikwisha kujengewa mabwawa, Mwadingusha ya mto Lufira ilikuwapo tangu 1930, na makaa mazuri yalikuwa mbali. Hapo Mzee akagoma. "Watu wa Kiswahili wamepanda treni ya umeme kabla sijaingia kazini, na mimi nisijue?" Anasema nimesoma vibaya.

Nakuomba, mpenzi, siku ukipita karibu na reli mpigie picha. Waya bado zipo? Vichwa vya umeme vinapita, au siku hizi ni dizeli tu? Mnaviitaje huko? Huku treni yetu ile yenye pua imekuwa "mchongoko", na Mzee anahangaika na neno gari moshi, anauliza moshi uko wapi. Shemeji si aliwahi kusema ana mjomba wake wa reli, yuko hai bado? Anaweza kuongea na Mzee kwa simu, hata dakika tano? Na wewe kikohozi cha Asha kimeisha? Utakuja lini, na Mama Chausiku nimjibu nini?

Picha nitumie kabla ya mwezi ujao. Mzee anasema jicho likishaguswa hajui litaamka vipi, anataka aione kwanza. Chukua ya karibu, kichwa kijae. La kulia bado linaona vitu vikubwa.

Wako,
Rehema