Kesi ya maji ya mvua isikilizwe mvua ikinyesha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kaskazi hii mabati yanapanda kila mtaa hapa Wete, na Machi masika yakianza masheha, viongozi wetu wa shehia, watapokea kesi zile zile za kila mwaka: maji ya fulani yamebomoa ukuta wa fulani. Yangu ilikuwa moja ya kesi hizo. Imekwisha, na namna ilivyokwisha naona inawafaa wengine.

Nyumba yangu iko kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za Pemba. Upande wa nyuma ni wa zamani, mawe na udongo uliopigwa chokaa. Jirani yangu wa juu, kijana wa watu mwenye adabu zake, aliongeza vyumba viwili akaezeka bati la mteremko mmoja, lote limeelekea kwangu, na ncha zake zimevuka mpaka. Baina ya kuta zetu pana kichochoro cha kupita mtu na ndoo yake, basi. Maji yote yalikuwa yakishukia humo. Tena hayakuwa yakinipiga ukutani. Yalikuwa yakipiga chini, yanachimba, kisha yanaruka na tope lake mpaka usawa wa goti. Kwanza ikabanduka chokaa, vipande vipana kama sahani. Halafu udongo ukalainika, ukiubonyeza kwa kidole gumba kinaingia. Ndani ya chumba ukuta ukatoa unga mweupe wa chumvi, na godoro likawa linanuka uvundo hata ukilianika kutwa.

Fundi niliyemwita alitaka anipigie plasta ya saruji nimalize. Nikakataa. Ukuta wa udongo na chokaa hupumua. Ukiuvisha saruji, unyevu unaopanda kutoka chini hauna pa kutokea, unabaki ndani, na siku plasta ikianguka inaondoka na ukuta. Mafundi wa Mji Mkongwe wanaojua chokaa watakwambia hivyo hivyo. Na hata plasta ingekuwa ya chuma, maji yangekuwa bado yanachimba msingi.

Nikamwendea jirani. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia: "Bi Mkubwa, mvua ni ya Mungu."

Nikamjibu: "Mvua ya Mungu, mwanangu. Bati lako."

Akacheka, nami nikacheka, na maji yakaendelea kuanguka kwangu.

Mimi nilisomesha hesabu skuli mpaka nikastaafu, kwa hiyo nikakaa na kalamu. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati lile lina urefu wa mita 12 na limetanda mita 5, yaani mita za mraba 60. Ikinyesha mvua ya milimita 50, na masika mvua hiyo si ya ajabu, zinashuka lita 3,000. Hayo ni madumu 150 ya lita 20 yanamwagwa ukutani kwangu kwa mvua moja. Hesabu ile nilimwandikia kwenye karatasi nikampelekea mkewe, kwa sababu yeye ndiye anayechota maji na anajua dumu lina uzito gani. Nadhani ndiyo iliyofanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Mwanangu aliyeko Unguja alitaka twende mbele. Mahakama ya Ardhi tunayo, sheria yake ni ya mwaka 1994, na mtu akidhulumiwa kabisa aende bila ya kuona haya. Lakini nilimuuliza: hukumu itatoka masika ya mwaka gani, na ukuta utakuwa bado umesimama? Tena yule kijana tutazikana. Ndugu yangu naye alikuja na jembe, ati achimbe mfereji uyarudishe maji kwenye msingi wa mwenyewe. Nikamzuia. Maji hayapandi mlima kwa hasira ya mtu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Tulipofika kwa sheha mara ya kwanza ilikuwa kiangazi. Akaja, akatazama kichochoro kikavu, jua linawaka. Kila mtu akasema lake. Ami yake jirani akasema nyumba yangu ni kongwe, ukuta umechoka wenyewe. Akaongeza na kisa cha mlizamu, yaani mfereji wa maji ya paa, wa Sayyidna Abbas, ami yake Mtume, uliokuwa ukimwaga maji njiani. Sayyidna Umar akauondosha, kisha alipoambiwa nani aliyeuweka akaurudisha, akamwinamishia Abbas mgongo wake apandie. Kisa kizuri, na waliokuwepo wakatikisa vichwa. Nikasema: "Ami, ule aliuweka Mtume (S.A.W.) kwa mkono wake. Huu wetu kauweka fundi bati." Sheha akatwambia tuvumiliane, akaenda zake. Simlaumu. Kulikuwa na nini pale cha kuona?

Masika yalipoingia, asubuhi moja ikashuka mvua yenyewe khasa. Nikampigia sheha simu nikamwomba aje wakati ule ule, si kesho. Akaja na mwavuli na viatu vya mpira. Jirani akaitwa. Tukasimama dirishani kwangu, na kwa kishindo cha bati hakuna aliyeweza kusema kitu, na hapakuwa na haja. Tope lilikuwa linapiga fremu ya dirisha. Jirani akafuta uso kwa kiganja akatazama chini. Neno la ukuta kuchoka wenyewe halikusikika tena mpaka leo.

Sheha akafanya jambo moja la maana sana: akayafuata maji. Akatoka na mwavuli wake, akayaandama kichochoroni mpaka yanapotokea, akakuta yanateremka kwa jirani yetu wa chini, mama mjane, yanapita kando ya ukuta wa choo chake. Mimi na kijana tulikuwa tumeshaanza kukubaliana kwamba maji yakingwe kwenye gata yatolewe kwa chini. Chini kwa nani? Tungepatana sisi wawili, tukamtumia maji yule mama kwa bomba, kwa kasi kuliko mwanzo, na choo kingetitia. Kesi ya maji katika nchi ya vilima haiwi ya watu wawili. Mama akaitwa, akakaa kitako na sisi.

Tulivyopatana ni hivi. Jirani akakata ncha za bati zilizovuka mpaka, akafunga gata kwa gharama zake, imeinama kidogo kuelekea upande wa njia. Mimi nikagharimia mtaro wa zege kichochoroni. Mama wa chini akaruhusu bomba lipite chini ya uwanja wake mpaka mtaro wa barabarani, kwa sharti kwamba likiziba tuzibue sisi, si yeye. Jirani alitaka kumaliza mambo kwa tangi la lita 1,000, na tangi ameweka, maji anafulia. Ila mnaona wenyewe kwenye hesabu: mvua ile ya lita 3,000 inalijaza mara tatu. Tangi bila ya njia ya maji yanayozidi ni kuahirisha ugomvi kwa robo saa.

Likazuka na la mwembe. Mwembe ni wangu, tawi lake limelalia bati lake, na majani yanaziba gata. Hapo kijana alinibana, na haki ilikuwa yake. Tawi likakatwa, na mjukuu wangu ndiye anayepanda kusafisha kabla ya masika na kabla ya vuli. Yote yakaandikwa kwa mkono, tukatia saini sote watatu na mashahidi, sheha akagonga muhuri.

Ukuta niliuacha ukauke kiangazi kizima, ndipo nikaurudishia udongo na chokaa. Kwenye kona gata bado inadondoka kidogo. Fundi anasema atakuja, na mafundi mnawajua.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa masheha: mkiletewa kesi ya maji kiangazi, ipokeeni, lakini msiiamue mpaka mkaione mvua inanyesha, na muulize maji yanakwenda kwa nani baada ya hao wawili. La pili ni kwa wanaotoa vibali vya ujenzi: mchoro unaonyesha vyumba, milango na choo, uonyeshe pia maji ya paa yataanguka wapi na yatapita wapi, na mwenye kiwanja cha chini aoneshwe kabla bati halijapanda. Kama kuna sheha au afisa anayetaka kuona karatasi yetu ilivyoandikwa, nakala ninayo, nitampa.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba