Norseman tusilikumbuke kwa kuzama tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu magari ya maonyesho ya miaka ya 1950 imeligusia gari la Norseman kwa sentensi moja tu, kwamba lilizama na meli. Mimi ni fundi bodi, nimenyoosha mabati kwa zaidi ya miaka 30, na naomba nafasi nilisemee gari lenyewe.

Mbunifu Virgil Exner na wenzake wa kampuni ya magari ya Chrysler walilichora Marekani, kisha kazi ya kuliunda wakaipeleka kwa kampuni ya Ghia, mjini Turin, Italia, kwa mafundi waliozoea kuunda bodi kwa mikono. Kazi ilichukua miezi 15, na kwangu ajabu yake yote iko kwenye paa. Halikuwa na nguzo za mbele, vile vyuma vya pembeni mwa kioo cha mbele vinavyoshika paa. Lilishikwa nyuma, likatokeza mbele kama ukingo wa kofia, na kioo cha mbele kikazunguka hadi ubavuni bila chuma cha kumziba dereva macho. Kioo cha nyuma nacho kiliingia ndani ya paa kwa umeme.

Fundi mwenzangu anaujua ugumu huo. Kata nguzo moja tu ya gari, kisha funga mlango: pengo la juu limeshakwenda upande, mwanzoni hupitishi hata ukucha, mwishoni kidole kinaingia. Sasa paa zima lishikwe nyuma tu, na gari litembee kwa injini yake!

Kwa nini wajisumbue hivyo? Jioni moja nilikuwa nakata kona, nguzo ya upande wangu ikamficha mwendesha baiskeli mzimamzima. Nilimjua yupo alipoipiga boneti kwa kiganja. Hakuumia, lakini ule mlio ninao hadi leo. Nguzo za siku hizi ni nene zaidi, na kwa sababu njema: zinabeba paa gari linapopinduka, na nyingi zimebeba mifuko ya hewa. Ila mahali dereva asipoona pamezidi kupanuka.

Norseman lilikuwa ndani ya ngama, yaani chumba cha mizigo, ya meli ya Andrea Doria, likipelekwa New York. Usiku wa Julai 25, 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, meli ya Stockholm iliigonga kwenye ukungu, na asubuhi yake Andrea Doria ikazama. Watu 51 walikufa katika ajali ile. Hao ndio wa kuliliwa kwanza. Lakini inaniuma pia kwamba wahandisi wa Chrysler hawakupata hata siku moja ya kulipima paa lile barabarani.

Picha zilizopigwa kabla ya safari zipo. Mkiandika tena, tafadhali chapisheni ile ya ubavuni, msomaji aone mahali ambapo nguzo haipo.

Fundi bodi mstaafu