Jina la chini ya picha

Sakina, Arusha

Shoga yangu Mama Ima,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Watoto wazima, goti la mama limetulia, anauliza lini utamletea tena dagaa wa Mwanza.

Jumamosi nilikuwa saluni nasukwa. Redio ikaanza habari za michezo. Nakwambia, tangu msusi anagawa nywele mpaka anafika kisogoni ni Simba na Yanga tu: nani kasajiliwa, nani kaumia, kocha gani kanuna. Nami nisijifanye mtakatifu, kikosi cha Yanga nakijua mpaka wa benchi. Ila nikawauliza, jamani, nitajieni mwanariadha wetu wa zamani aliyetamba nje. Wote kwa pamoja: Filbert Bayi! Haya, Bayi ni wetu, rekodi ya dunia ya mita 1500, Christchurch 1974, nani asiyejua? Lakini miaka tisa kabla yake, 1965, Theresia Dismas alirusha mkuki kwenye Michezo ya Afrika kule Brazzaville akarudi na medali ya fedha. Msusi akacheka, akadhani nimetunga.

Tuseme hayo ni ya kale. Magdalena Shauri je? Septemba 2023 alishika nafasi ya tatu Berlin Marathon, saa 2:18:41. Siku hiyo Tigst Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia kwa 2:11:53, kwa hiyo waandishi wa huko siwalaumu, walikuwa na lao. Mimi huyu ninayeishi Arusha, ninayewaona wasichana wakipita alfajiri wakikimbia kuelekea Ngaramtoni, habari za Magdalena nilizipata siku ya tatu, tena kwa bodaboda! Yule kijana ana dada anayekimbia. Akaniambia dada yake akishinda, picha anapiga yeye kwa simu, habari anaandika yeye, na msomaji ni mama yao.

Nikakukumbuka wewe. Ile picha ya UMISSETA, michezo yetu ya shule za sekondari, si unayo? Baba yako alinunua nakala nne za gazeti, mtaa mzima ukaonyeshwa. Nimeitoa yangu jana, panya wameila kona, ila maandishi yapo. Wale wavulana wawili waliosimama nyuma yako, hata zamu yao haijafika, wameandikwa majina matatu matatu. Wewe uliyekata utepe: "Mmoja wa wanariadha wa kike akimaliza mbio." Siku ile tulicheka, nakumbuka. Jana sikucheka.

Nikachukua kalamu nikuandike pale chini, nikakwama. Mimi niliyekubebea viatu! Shuleni ulikuwa unatumia jina la baba au la babu? Nijibu upesi, fundi wa fremu ananisubiri.

Wako,
Mama Glory