Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda kusoma Seoul

Mdogo wangu,

Koti zito utanunua hukohuko, usijaze begi. Beba soksi, nyingi, zisizo na matundu. Nyumbani kwa watu utavua viatu, na migahawa ya kukaa chini nayo vilevile. Pale mlangoni sakafu iko chini kidogo. Viatu viishie hapo. Usipande navyo juu hata kwa hatua mbili za kufuata simu uliyoisahau.

Mtu mliyejuana dakika 5 tu atakuuliza umezaliwa mwaka gani. Si umbea. Bila kujua, hajui akusemeshe vipi, maana Kikorea mwisho wa kitenzi hubadilika kwa kufuata ukubwa wa unayesema naye. Wewe uliyekulia kwenye shikamoo utaelewa haraka, ila wenzetu wamekaza zaidi: chingu, yaani rafiki, ni uliyezaliwa naye mwaka mmoja. Akikuzidi kidogo tu, kwako msichana, wa kiume ni oppa na wa kike ni eonni. (Kaka yako angesema hyeong na nuna.) Mama wa mgahawani wengi humwita imo, na maana yake ni mama mdogo au mama mkubwa, ndugu wa mama. Taja mwaka, usitaje umri. Kwa hesabu yao ya zamani mtoto alizaliwa na mwaka 1 tayari, na kila Januari 1 watu wote waliongeza mmoja. Sheria iliachana nayo Juni 28, 2023, lakini vinywani mwa wazee bado ipo.

Kutoa na kupokea ni mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto umegusa kiwiko, kama ulivyofundishwa na bibi.

Mezani ndipo penye kazi. Vijiko na vijiti mara nyingi vimo kwenye droo ubavuni mwa meza; mdogo ndiye anayevitoa na kuwapangia wakubwa, na kuwamiminia maji. Kisha subiri. Mkubwa akishainua kijiko chake, nawe anza. Wali na supu huliwa kwa kijiko, mboga kwa vijiti, na vijiti vyenyewe ni vya chuma, vyembamba, vinateleza. Usishike vyote viwili kwa mkono mmoja. Bakuli la wali libaki mezani. Kuliinua mpaka mdomoni ni mtindo wa Wajapani. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali hata kwa sekunde moja, ndivyo inavyowekwa sadaka ya marehemu. Pilipili ikikutoa kamasi, nenda nje ukapenge. Vile visahani vya kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) na mboga huongezwa bure, omba tu. Bakshishi hakuna.

Soju, pombe yao, mtu hajimiminii mwenyewe. Mmiminie mkubwa kwa mikono miwili, na usiongeze glasi yake kabla haijaisha. Anayekunywa mbele ya mkubwa hugeuza uso pembeni. Kama hunywi, sema mwanzoni kabisa, uombe saida. Huko saida ni soda nyeupe tu, haina kilevi. Na ukikwepa nguruwe, usiishie kuuliza kama kuna nyama, kwa sababu wengi hawahesabu soseji kuwa nyama. Uliza dwaeji, nguruwe kwa jina lake. Mchuzi wa kimchi huwa naye mara nyingi. Itaewon, mtaa wa hapo Seoul, kuna msikiti tangu 1976, na migahawa ya halali imeuzunguka.

Kwenye basi gusisha kadi unapopanda na unaposhuka pia. Ukisahau ya kushuka, ile nafuu ya kuunganisha safari ndani ya dakika 30 umeipoteza. Viti vya wazee kwenye treni usivikalie hata vikiwa vitupu.

Taka sasa, maana hapa ndipo wageni wengi wanapoumbuka. Za kawaida zinatiwa kwenye mifuko maalumu ya wilaya unayoishi, inauzwa dukani; mfuko wa duka la nguo hauchukuliwi. Za chakula ni mbali, zikamuliwe maji kwanza. Lakini mifupa ya kuku, maganda ya mayai na kokwa la embe si chakula, hayo ni taka za kawaida: kipimo ni kama mfugo ungeweza kuila taka hiyo. Ukichanganya, mlinzi mzee wa jengo atakugongea mlango, mfuko mkononi. Inama, sema joesonghamnida, yaani samahani, uupokee kwa mikono miwili.