Sakafu imeoza, injini iko hai

Mwanga, Kigoma

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama anauliza lini utakuja kula migebuka. Habari nyingine za nyumbani nitakuandikia siku nyingine, maana jana nimetoka gereji saa tano usiku mikono ikinitetemeka, na sina mwingine wa kumweleza akanielewa.

Unaikumbuka ile Datsun ya mzee wa reli kule Ujiji, iliyokaa chini ya mwembe, kuku wakitagia nyuma ya viti? Tulikuwa tukiichungulia kila tukitoka madrasa. Ni 240Z, somo. Aina ile ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Tumekua jirani na gari la namna hiyo na hatukujua.

Mzee alimwendea meneja wetu mwenyewe, akamwomba. Meneja amekubali tuitengeneze hapa hapa kwenye karakana ya kampuni, kona ya mwisho karibu na kompresa, baada ya saa za kazi. Mbele pikapu mpya zimepangwa, viti bado viko kwenye nailoni. Nyuma sisi na mabati yetu. Wangeweza kukataa, nami nawashukuru kwa moyo.

Sasa kutu. Tuling'oa zulia upande wa dereva, nikaichoma sakafu kwa bisibisi. Ikapita kama inapita kwenye ugali wa muhogo, nikaona saruji ya karakana chini. Pabaya zaidi ni chini ya betri. Tindikali imedondoka miaka, ikala kisahani chake, ikashuka hadi kwenye mhimili wa chini. Na gari hili halina shasi ya peke yake kama pikapu. Bodi ndiyo shasi. Kwa hiyo anayesema "sakafu tu" hajui anachosema.

Kilichoniuma ni kizingiti cha mlango wa kushoto. Nje kilikuwa kizuri, kimenyooka. Nilipopitisha grenda ikaanza kutoka puti, lile dongo la kusawazishia bodi kabla ya rangi, puti, puti, unene wa kidole, na nyuma yake magazeti yamesokotwa na sponji. Kuna gereji moja ilichukua pesa ya mzee zamani ikamfanyia hivyo. Puti inanyonya maji, na sponji ndiyo kabisa. Bati lililokuwa limetoboka mahali pamoja likaoza lote. Aliyefanya vile ni fundi, alijua.

Kijana mmoja hapa akashauri tupake nyingine, nani ataona? Nilikataa. Tunakata mpaka tukute chuma kizima. Unagonga kwa nyundo ndogo ukisogea: penye kutu panajibu kwa sauti butu, kama unagonga boksi, halafu ghafla bati linalia. Hapo ndipo unapochora mstari. Tunaweka bati la geji 18, tunachomelea nukta moja hapa, nyingine kule mbali, tunasubiri lipoe. Ukikimbilia kuunga mstari mzima kwa mkupuo, joto linalipinda, na umeharibu kazi ya siku mbili. Sakafu ya kulia imetuchukua jioni tisa.

Lakini nilitaka kukueleza ya jana. Mzee alituambia kwamba siku aliyoiegesha gari, alifungua plagi zote sita, akamimina oili kwenye kila silinda, akazifunga, kisha akaziba midomo ya kabureta zote mbili kwa vitambaa vilivyopakwa grisi. Alilichukua wazo hilo kwa baba yake, na baba yake alilichukua kwenye habari za Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Unazijua: Wajerumani waliizamisha Julai 1916 jirani na mdomo wa Malagarasi, ila kwanza wakazifunika mashine zake kwa grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924 wakakuta mashine bado zinafaa, na 1927 ikarudi ziwani kubeba watu.

Basi wiki nzima tumeinywesha injini oili na dizeli kidogo. Jana tukafungua plagi, nikaweka spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele, nikavuta taratibu. Ikagoma. Nikavuta tena. Ikaachia upana wa ukucha, ikasimama, ikaachia tena, kisha ikazunguka mzunguko mzima na upepo ukawa unatoka kwenye matundu ya plagi, fyu, fyu, moja baada ya jingine. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo. Akavua kofia, hakusema neno.

Sasa nakuhitaji. Nyuma ya dashibodi nimekuta sehemu ndogo kama kiganja ambayo jua halijaigusa tangu gari litoke kiwandani: rangi ya chungwa, iliyoiva. Simu haiionyeshi ilivyo, nimejaribu mara nne. Jicho la kuichanganya unalo wewe, na hapa Kigoma sijamwona mwingine. Panda treni hapo Tabora, uje na bomba lako la kupulizia, na kabla hujaondoka niulizie gasketi za kabureta kwenye yale maduka ya spea za zamani. Mvua zikishaanza rangi itafanya ukungu, kwa hiyo usichelewe. Niambie siku tu, nitakuwa stesheni.

Wako,
Somo