Barabara ya Kata ya Jibondo ni maji, bajeti iitambue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu namna fedha za usafiri zinavyogawanywa katika serikali za mitaa, jambo ambalo halieleweki vizuri mpaka mtu aitazame kwanza ramani ya Kata ya Jibondo, Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani.

Kata hiyo ni visiwa. Chole, Juani na Jibondo vimekaa upande wa kusini-mashariki wa kisiwa kikubwa cha Mafia, na kati ya kimoja na kingine hakuna daraja wala tuta. Chole kimo ndani ya ghuba inayoitwa kwa jina lake, Juani kinaikinga ghuba hiyo na mawimbi ya bahari kuu, na Jibondo kiko kusini zaidi, kisiwa cha mawe ya matumbawe chenye udongo haba. Kwa sababu ya uhaba huo watu wa Jibondo, ambao ni wavuvi hodari na mafundi wa kuunda majahazi, tangu zamani huvuka kwenda kulima Juani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaruhusu vijiji kuwekeana makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja, lakini hakuna sheria inayomvusha mkulima na jembe lake.

Sasa tuutazame utawala. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote na halmashauri yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na juu yake kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na miongoni mwa wajumbe wake ni wenyeviti wa vijiji. Katika kata ya bara, kikao cha kamati hiyo kinamgharimu mwenyekiti wa kijiji nauli ya bodaboda au mwendo wa miguu. Hapa kikao kinategemea chombo, mafuta, nahodha, na kalenda ya maji kupwa na kujaa, kwani tofauti ya maji wakati wa bamvua ni kubwa na chombo kilichofika pwani kwa wakati usiofaa hubaki juu ya mchanga mpaka maji yarudi. Kusi likikaza, mwenye busara hasafiri. Mtendaji wa kata anayelaumiwa kwa kuchelewesha taarifa huenda hana kosa lolote ila upepo, ingawa sijaona fomu ya serikali yenye nafasi ya kuandika sababu hiyo.

Mgonjwa ndiye anayeumia zaidi. Kutoka Chole huvushwa kwanza hadi Utende, na kutoka Utende kuna barabara nzuri ya lami, takribani kilomita 14, inayomfikisha Kilindoni iliko hospitali ya wilaya. Nazishukuru kwa dhati kilomita hizo 14. Hata hivyo, lami hiyo ilipangwa, ikasanifiwa, ikatengewa fedha na inaendelea kukarabatiwa kwa fedha za umma, ilhali kipande cha maji kilichobaki mbele yake kimeachwa kwa mwenye mashua na mfuko wa mgonjwa. Anayetoka Jibondo ana maji mengi zaidi ya kuvuka kabla ya kuifikia lami hiyohiyo.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tangu 2017 tuna Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na sehemu kubwa ya matengenezo yake hulipiwa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo, na mimi ni miongoni mwa waliounga mkono, kwa kuwa vijiji vingi vilikuwa havifikiki wakati wa masika. Lakini petroli anayoitia mwenye boti kwenye mashine yake hununuliwa kituo kilekile na kwa bei ileile kama ya mwenye gari. Kila anapowasha mashine kumpeleka mama mjamzito Utende, anachangia kutengeneza barabara za kata nyingine, na kata yake, kwa kuwa haina mtandao wa barabara wa kuhesabika, haina kitu cha maana cha kuombea fedha hizo.

Wala isisemwe kwamba Serikali haijui kupima bahari. Visiwa hivi vyote vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, yenye kilomita za mraba 822, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni maji. Bahari hiyo imechorewa ramani, imegawanywa kanda, na imewekewa kanuni za nani avue wapi na kwa zana gani. Zamu ya usafiri inapofika, bahari ileile inahesabiwa kuwa mahali patupu. Hata Wajerumani, ambao hawakuja kutupenda, waliipanga wilaya kwa kufuata maji: makao yao yalikuwa Chole, na mwaka 1913 yakahamishiwa Kilindoni kwa ajili ya nafasi bora ya meli kutia nanga.

Najua nitaambiwa kwamba watu wa visiwa hivi ni wachache na kwamba vivuko ni kazi ya TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme. Ni kweli TEMESA ina vivuko vya Serikali, lakini hivyo ni vyombo vikubwa vya njia kubwa. Kijiji cha kisiwani hakihitaji kivuko cha kubeba malori. Kinahitaji ngazi imara ya kushukia maji yakiwa yamepwa, boya za kuonyesha mkondo, boti moja ya kata yenye maboya ya kujiokolea, na fungu la kuitunza. Kuhusu uchache, kata za aina hii haziko Mafia peke yake, kwani Songosongo ya Kilwa ni kisiwa, na katika Ziwa Victoria ziko kata za visiwa Ukerewe na Muleba. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 200 kupoteza maisha, sidhani kama kuna anayeweza kusema kwamba uvushaji wa watu baina ya visiwa ni jambo la wenye vyombo pekee.

Ombi langu kwa wizara inayosimamia serikali za mitaa ni kwamba njia ya maji inayotumika kila siku kati ya kijiji na kijiji cha kata moja isajiliwe kama barabara ya kata, ipewe urefu wake kwa kilomita, na ihesabiwe katika mgawo wa tozo ya mafuta. Kwa upande wetu, wenyeviti wa vijiji vya kata hii waliingize jambo hili katika mipango ya vijiji kabla haijapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ili Baraza la Madiwani lilipokee kwa maandishi, pamoja na makisio ya gharama, kabla Halmashauri haijafunga bajeti yake ya mwaka ujao.

Msomaji wako,
Kilindoni, Mafia