Mwenyeji ni Nani Omaha?

Omaha, Nebraska
Jumapili asubuhi

Sahibu yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na unisalimie shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa swali lako si dogo kama ulivyolifanya. Unasema ulitazama mechi ya zamani ya besiboli ya vyuo, ile ya Juni 2016 iliyochezwa katika uwanja wa LSU wenyewe, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, mjini Baton Rouge, ukashangaa kuona wageni wao, chuo cha Coastal Carolina, ndio waliopiga mwisho, wakashinda 4 kwa 3 katika awamu ya 9, na uwanja mzima ukanyamaza. Ukaniuliza imekuwaje mtu ageuzwe mgeni sebuleni kwake.

Kinachotupoteza ni neno lenyewe. Katika soka tuliyokulia, Simba na Yanga wanapokutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, ratiba humtaja mmoja kuwa mwenyeji, lakini filimbi ikishapulizwa mpira haujui mwenyeji ni nani. Katika besiboli uenyeji umo ndani ya mchezo wenyewe. Mechi ina awamu 9, na kila awamu ina nusu mbili: mgeni hupiga katika nusu ya kwanza, mwenyeji katika nusu ya pili. Mwenyeji akiwa anaongoza baada ya mgeni kumaliza zamu yake ya 9, mechi huishia hapo, maana hana haja ya kupiga tena. Akiwa nyuma au sare, bado ana zamu moja mkononi, na alama ya ushindi ikiingia tu, watu wanakwenda nyumbani. Mgeni hawezi kamwe kuimaliza mechi kwa namna hiyo. Hata akipata alama 5 katika awamu ya 10, inayoongezwa pakiwa na sare, lazima asubiri mwenzake ajibu.

Kwa hiyo, mashindano ya vyuo yanapomtaja mwenyeji, hayasemi uwanja ni wa nani. Yanasema nani atapiga mwisho. Sasa nikueleze hupatikanaje.

Timu 64 huingia katika mashindano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zikagawanywa katika vituo 16 vya timu 4 kila kimoja, na timu ikifungwa mara mbili imetoka. Siku ya kwanza hakuna utata: aliyepangwa juu zaidi ndiye mwenyeji. Kuanzia hapo kanuni hujaribu kusawazisha, ili timu isipige mwisho katika kila mechi huku nyingine ikipiga kwanza kila siku, na pale hesabu isipompata mtu, hurushwa shilingi. Ndiyo maana chuo chenye uwanja, chenye nyasi zake na mashabiki wake, kinaweza kufika mechi ya kuamua kikaambiwa kipige kwanza.

Washindi 16 wa vituo hivyo hukutana wawili wawili katika hatua inayofuata, na anayetangulia kushinda mechi mbili kati ya tatu ndiye anayesonga mbele. Huko ndiko LSU walikokutana na Coastal. Mechi zote huchezwa katika uwanja wa timu moja. Mwenye uwanja hupewa uenyeji wa mechi ya kwanza, mgeni wake hupewa wa mechi ya pili, na ikifika ya tatu, shilingi ndiyo huamua. Mechi uliyoitazama ilikuwa ya pili. LSU hawakudhulumiwa na mtu. Zamu yao ya kupiga mwisho walikuwa wameitumia siku iliyotangulia, na siku hiyo pia walifungwa, 11 kwa 8. Coastal wakaja hapa Omaha, kunakochezwa hatua ya mwisho, kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakaondoka na ubingwa.

Najua utakalosema, kwa sababu umekwisha kulisema katika barua yako: timu iliyotoka jasho tangu Februari ikastahili kuandaa mechi isinyang'anywe haki yake na sarafu. Hapa hatukubaliani. Mwenye uwanja amekwisha kulala kitandani kwake, ameujua upepo wa uwanja wake na namna mpira unavyodunda ukigonga ukuta, na maelfu ya watu wanampigia kelele mrushaji wa upande wa pili. Akipewa na zamu ya mwisho katika kila mechi, mgeni amebakiwa na nini? Zipo ligi za vyuo ambazo katika mashindano yao humpa uenyeji aliyemaliza juu mechi zote, na sizilaumu, hasa pale uwanja usipokuwa wa yeyote. Palipo na mwenye uwanja, naona shilingi ni adilifu zaidi.

Isitoshe, shilingi si mgeni katika mchezo huu. Katika karne ya 19 ilikuwa ikirushwa ili kujua nani aanze, na baadaye hiari ilipokuwa ya mwenyeji, wapo waliochagua kupiga kwanza ili waufaidi mpira ungali mpya na mgumu. Leo mwenyeji haulizwi anataka nini.

Hapa Omaha ndipo jambo hili linaponifurahisha zaidi. Timu 8 za mwisho huja kwenye mji usio wa yeyote kati yao. (Isipokuwa mwaka 1991, Creighton, chuo cha Omaha hapa hapa, kilipofuzu.) Mwaka 1996, katika uwanja wa Rosenblatt, LSU walikuwa nyuma ya Miami 8 kwa 7 katika fainali, wapigaji wao wawili wamekwisha kutolewa (wa tatu akitolewa, zamu imekwisha), na mwenzao mmoja amesimama kwenye kituo cha uwanjani akingoja kuleta alama. Warren Morris, ambaye msimu ule hakuwa amevusha mpira juu ya uzio hata mara moja, akauvusha hapo hapo, na mpira ukivuka hivyo, mpigaji na aliye kituoni wote huhesabiwa alama. 9 kwa 8, mechi imekwisha. Lau LSU wangekuwa wageni siku ile, Miami wangerudi kupiga. Na mwaka 2023 Wake Forest, waliopangwa namba 1 nchi nzima, walikutana na hao hao LSU, walioshika namba 5, katika mechi ya kugombea kuingia fainali. Wake Forest walipiga kwanza. Awamu 10 zikapita bila alama hata moja, na katika nusu ya pili ya awamu ya 11 Tommy White wa LSU akauvusha mpira uzio, mwenzake akiwa kituoni, akaumaliza mchezo, 2 kwa 0. Namba 1 haikuwapa zamu ya mwisho.

Ukitazama mechi nyingine, usihangaike kutafuta uwanja ni wa nani. Tazama ubao wa matokeo: jina lililoandikwa chini ndilo la mwenyeji, hata kama timu hiyo imesafiri siku mbili kwa basi. Kisha uniandikie kama bado unaipinga ile shilingi ya mechi ya tatu.

Wasalaam,
Sahibu yako